Marehemu Alikuwa Ananipea

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo nitasimama mbele ya kanisa lililojaa watu, kipaza sauti mkononi, na hadi sasa sijui kama nitakayoyasema yatakuwa kumbukumbu ya mwalimu wangu au maziko yake ya pili.

Mimi ni mfamasia hapa Machakos mjini, mwanamke aliyesoma na, kwa maneno ya wenzangu, mwenye ulimi usiokwama hadharani. Kazi hii nilifundishwa na Mzee Ndolo, ambaye alinipokea nikitoka chuoni na cheti kikubwa na akili ndogo, akanilea kikazi katika duka lake la dawa, akafariki mwaka jana tukamzika kwa heshima, na sasa familia imeandaa ibada ya ukumbusho nami nimechaguliwa kutoa hotuba kuu.

Sharti nikueleze alikuwa mtu wa namna gani. Sokoni alijulikana kwa jina moja tu, Mzee Aiee, yaani Mzee Hapana, kwa sababu hakuna mtu mjini humu aliyewanyima watu dawa kama yeye: ulikuja na mafua ukitaka vidonge vya rangi mbili vya kuua bakteria, aiee, ulikuja bila karatasi ya daktari, aiee, ulitaka vidonge vitatu badala ya dozi nzima, aiee, "hizi si njugu za kuonja, mama." Lakini hapana hiyo hakuisema akiwa nyuma ya kaunta. Alitoka, akazunguka, akakuletea maji, akaketi nawe kwenye benchi la wateja, kisha bega kwa bega akakueleza kwa nini hakupi, na kama hali yako ilimtia shaka alifunga duka mchana kweupe akakusindikiza hospitalini mwenyewe, wateja wengine wakibaki mlangoni wakimlaani. Nilipomuuliza kwa nini anajisumbua hivyo, alinijibu, "Winfred, ukimpa mtu dawa isiyomfaa, atakupenda. Ukimnyima, atakuchukia. Sasa usimwache aende na hiyo chuki peke yake. Keti naye kidogo."

Basi baada ya maziko, hata maua hayajanyauka kaburini, akaja mama mmoja kutoka Mitaboni.

"Daktari, nipee zile za rangi mbili. Tatu tu."

"Una karatasi ya daktari, mama?"

"Karatasi ya nini? Marehemu alikuwa ananipea hivyo hivyo."

"Mama, mimi nilikuwa hapa. Marehemu hakukupa."

"Wewe ulikuwa umeenda lanchi."

Baada yake wamekuja wengine na wengine, kila mmoja na marehemu wake aliyekuwa akimpa, yule wa dawa za usingizi, yule wa sindano ya kuku anayotaka kujidunga mwenyewe, na kwa maelezo yao Mzee Ndolo amegawa dawa nyingi zaidi akiwa marehemu kuliko alizouza akiwa hai, nami nikikataa natukanwa kwamba nimeharibu duka la mtu mwema.

Ningevumilia hayo, mshauri, lakini sasa yameingia katika kamati ya ukumbusho, ambayo mwenyekiti wake ni Bwana Masila, mdogo wake marehemu na mwalimu mkuu mstaafu. Bango limeshachapishwa: "Hakuwahi Kumrudisha Mtu." Fulana zina picha ya Mzee akicheka, iliyokatwa kutoka arusi ya mtu mwingine, kwa kuwa haikupatikana nyingine ya namna hiyo. Hema la nje ya kanisa limetolewa na muuzaji mmoja wa dawa za jumla, nalo limechorwa kidonge cha rangi mbili kikubwa kama mtumbwi. Nikainua mkono mkutanoni.

"Mwenyekiti, kwa heshima, Mzee aliwarudisha watu wengi sana."

"Aliwarudisha kwa upendo," akasema Bwana Masila.

"Basi tuandike hivyo."

"Winfred, huu ni ukumbusho, si ukaguzi. Na Mheshimiwa wa wadi atakuwepo, ameshatuambia marehemu alikuwa anampatia dawa bila maneno mengi."

"Alimnyima. Nilikuwepo."

"Pengine ulikuwa umeenda lanchi."

Watu walicheka hadi chai ikamwagika. Mjane wa marehemu, Mama Mbinya, hakucheka wala hakusema neno, aliinamia kikombe chake, na sijui kama anakubali au anaumia. Mkutano ulipokwisha, Bwana Masila aliniweka kando akanikumbusha kwa upole kwamba duka ni la familia na watu wa kusimamia kaunta si haba, kisha jioni akatuma hotuba yangu, imeshaandikwa, katika kundi la WhatsApp, na ndani yake ipo sentensi isemayo hakuwahi kumnyima mtu dawa, nami nikajibu kwa picha ya mikono inayoomba. Nikiisoma sentensi hiyo, Jumatatu mji mzima utakuja na maneno ya kinywa changu mwenyewe. Nisipoisoma, huenda Jumatatu nisiwe na kaunta. Nifanyeje?

Ni mimi Winfred, ambaye sikuwa lanchi.

*

Winfred, pole kwa kumpoteza mwalimu wako, na pole tena kwa kumpoteza upya kila asubuhi unapofungua duka. Kwa kuwa umetaja mji, majina na hata bango, kamati nzima itakuwa imeisoma barua yako gazetini kabla ya chai ya saa nne, kwa hiyo la kuficha huna tena. Hilo limekupunguzia kazi. Sasa niruhusu nikukaripie.

Umenieleza kwa ufasaha jinsi Mzee alivyosema hapana: alitoka, akazunguka, akaketi. Halafu ukanieleza, bila kutambua, jinsi unavyoisema wewe. Mama wa Mitaboni ulimkatalia ukiwa umesimama upande wako wa kaunta. Bwana Masila ulimpinga mbele ya kamati yake, naye mwalimu mkuu! Na lile kundi ukalijibu kwa mikono inayoomba. Ilikuwa inaomba nini, Winfred? Neno la mwalimu wako umelirithi. Benchi lake umelisahau.

Fikiria kidogo kuhusu Bwana Masila. Ni mtu aliyeishi mjini akisikia kaka yake akiitwa Aiee kwa dhihaka sokoni, na sasa anataka asemwe vizuri angalau Jumamosi moja. Ndiyo maana amemkubali kila mwongo aliyekuja na sifa. Hilo halimpi haki ya kukuwekea uongo mdomoni, lakini linakuonyesha pa kuketi. Nenda nyumbani kwake kesho. Usiketi mkabala naye, keti kando yake. Kunywa chai yake. Mwambie hapana, hiyo sentensi huisomi, kisha usiondoke. Mweleze ile hapana ilikuwa na nini ndani yake, mweleze habari za duka lililofungwa mchana na watu waliosindikizwa hospitalini. Huenda hajui. Ndugu wa watu kama hao huwa hawaambiwi.

Anaweza kukunyang'anya kazi, sitakudanganya. Lakini kaunta ambapo kila mtu ameshapewa ruhusa na marehemu si ya mfamasia tena, ni ya kuuzia zile njugu.

Kisha mwone Mama Mbinya. Amenyamaza kwa sababu kamati imejaa watu wanaomjua mume wake kuliko yeye. Muulize jambo moja tu: nyumbani, Mzee alikuwa akimpa dawa ovyo? Nina hakika atakachokujibu kitakuwa bora kuliko hotuba yoyote ya kamati. Muombe ruhusa ya kukisema.

Jumamosi usimshtaki mtu. Bango liache lining'inie, hema liache na mtumbwi wake, na Mheshimiwa usimguse kabisa. Shuka madhabahuni na kipaza sauti chako, keti kwenye benchi la mbele kati ya watu, uwahadithie kama Mzee alivyokuwa akiwahadithia. Mwishoni waombe wote aliowahi kuwaambia aiee wainue mkono. Watatazamana. Watakohoa. Ukiuona wa Mama Mbinya umeinuka, nyamaza, maana hapo hotuba imekwisha, na iliyobaki ni hesabu ya mikono, ambayo Mheshimiwa, kama mtu wa kura, ataielewa upesi kuliko wote.

Jumatatu yule mama wa Mitaboni atarudi, usiwe na shaka. Atakuambia marehemu alikuwa anampea. Toka nyuma ya kaunta, mletee maji, keti naye umwambie, "Ni kweli, mama, alikuwa anakupea. Alikupea maji, akakupea nafasi kwenye benchi, akakupea hapana. Na mimi nakupea vivyo hivyo."

Na lanchi, Winfred, uwe unakula hapo hapo kwenye benchi, watu wakuone.