Pikipiki ya Kuchinjwa

Kaka yangu,

Huku hatujambo, ila paa la jiko linavuja na paka amezalia ndani ya kofia yako ya pikipiki.

Fundi Miwani amezikagua zile pikipiki kuukuu za safari, yako na ya Baba. Anasema vipuri vyake havipatikani tena, kwa hiyo lazima moja ichinjwe ili nyingine ipone. Nikachagua kuchinja yako. Usinune, tangu mgombane na Baba hujaandika hata neno.

Leo asubuhi, fundi alipoanza kuifungua, Baba alitoka na mkongojo wake, akaipanda, akagoma kushuka.

"Mwanangu atatembelea nini akirudi?"

"Basi Baba, tuchinje ya kwako."

"Na mimi nitamfuata na nini asiporudi?"

Kaka, Baba hawezi tena hata kufunga vifungo vya shati. Fundi amekusanya spana zake, kaondoka. Mvua imeanza, na Baba bado yuko uani juu ya pikipiki yako. Nikimsihi ashuke, ananiuliza kwa adabu iwapo mimi ndiye fundi.

Naishia hapa, nikamshikie mwavuli.

Mdogo wako