Vikombe vya Wageni

Shoga, usinipigie, nitalia mbele za watu. Soma tu.

Nilikuwa kwenye mtihani wa uuguzi, ule niliobadilishana zamu wodini ili niufanye. Nimefika swali la tatu, msimamizi akaniinamia sikioni: "Mama, mumeo yuko nje, anasema ni dharura. Ila ukitoka hurudi."

Dharura! Nikajua ni mtoto. Nikaacha karatasi pale pale, nikatoka mbio roho mkononi.

Namkuta bwana mlangoni, shati limepigwa pasi. "Bosi wangu kaja nyumbani na mkewe. Funguo za kabati la vikombe vya wageni ziko wapi?"

Vikombe, shoga. VIKOMBE!!

Nikamuuliza, "Mtoto je?"

"Mzima kabisa, anacheza. Kwani vipi?"

Kwani vipi! Mtu mzima na ndevu zake! Jikoni vikombe vimejaa tele, eti vile vina mapengo, vitamwaibisha.

Nikamwambia siruhusiwi kurudi ndani, mtihani ndio umekwenda hivyo. Unajua alinijibu nini? "Si utaurudia mwakani? Chuo hakihami."

Chuo hakihami!! Mimi ambaye mwaka mzima nasomea chooni, mlango nimeukomea, maana ndiko pekee hawanifuati!

Sikubishana naye. Nikamwambia funguo ziko chini ya godoro. Akaondoka mbio, hata pole hakusema.

Sasa nimekaa kituoni, nimeshayaacha mabasi yapite. Funguo ninazo hapa mkobani.

Apekue hilo godoro mpaka mwakani.