Kesi ya Kahawa ya Bibi

Mji wa Hail, Ijumaa, baada ya magharibi

Aliyenichongea ni binamu yangu Salma, nna hakika. Ni yeye peke yake niliyemwambia kwamba kahawa ya Bibi, anayokataa kusaidiwa kuitwanga, siku hizi imekuwa maji ya moto tu.

Leo baada ya chakula Bibi akanisomea mashtaka mbele ya nyumba nzima. Na mimi ndiye ninayeandika tasnifu juu ya kesi za uhaini za Uingereza ya zamani, watu walivyoburutwa mahakamani kwa kumsema mfalme wakiwa wamelewa! Nikajitetea kisomi.

"Bibi, maneno matupu si uhaini. Lazima pawe na kitendo."

"Kitendo kipo. Ijumaa iliyopita nilikumiminia kikombe kimoja tu, ukakitikisa, ishara yetu ya kwamba imetosha. Ulikuwa unaumwa?"

Sikuwa naumwa. Salma alicheka mpaka akapaliwa na halua, na sikumpa maji.

Hukumu: kahawa ya Ijumaa nipike mimi, kuanzia leo. Nikaitwanga kwa hasira, nikatia iliki tele, nikammiminia. Akanywa, akaninyooshea kikombe, kinatikisika.

Wakapiga kelele wote kwamba nimeshindwa kesi mara ya pili. Lakini mimi nilishakipokea kikombe, na mkono wa Bibi, mtupu sasa, ulikuwa bado unatikisika.

Nikamjazia cha pili bila ya kumuuliza. Akakinywa chote.