Mwalimu Apelekwa Mkekani

"Kelele zenu zinanitoboa kichwa. Kesho namleta mwenyekiti wa mtaa akifunge hicho kituo chenu cha watoto."

Huyo ni bibi jirani wa kituo, kachungulia juu ya ukuta. Na mwalimu wa watoto, yule yule anayetuhubiria wazazi upole kila siku, akamjibu, "Mlete na babu yake."

Shoga, wazazi tumejaa getini kuchukua watoto. Tunasikia kila neno.

Basi kale kabinti kanakong'ata wenzake kakamshika mwalimu kidole. "Mwalimu, umekasirika. Twende mkekani." Mkekani ndiko wanakokalishwa wenye hasira, na hutoki mpaka useme kinachokuuma.

Na akaenda. Mwalimu mzima, magoti masikioni, anapuliza mshumaa usiokuwepo kama anavyowafundisha watoto kutuliza hasira.

Halafu kakamgeukia jirani. "Bibi, na wewe."

Nikajua hapo kituo kimekwisha. Jirani akashuka ukutani, akazunguka hadi getini, akapita katikati yetu, akakaa mkekani. Kabinti kakamuuliza kinachomuuma.

Bibi akamjibu: "Nyinyi mnacheka mchana kutwa, mimi nakula peke yangu."

Eti "peke yangu", shoga. Na sisi getini tulikuwa tunacheka.

Mwalimu akasogea, akamwachia nafasi zaidi mkekani. "Kesho mchana sahani yako ipo, mama. Karibu tule na watoto."