Redio mpya imeniumbua saluni

Shoga, mwenzio leo nimeumbuka. Nimeumbuka hadharani!

Si sisi polisi tumepewa redio za dijitali? Mtandao mmoja na zimamoto na magari ya wagonjwa. Siku ya mafunzo mimi nilikuwa nasinzia.

Basi niko zamu, nimechepuka saluni nasukwa. Mkuu wa kituo akaita: "Uko wapi?" Nikajibu, "Doria, afande, sokoni." "Sokoni upande gani?" Nikacheza ule mchezo wetu wa redio za zamani, enzi zako kituoni. Nikakwaruza kwa mdomo: "Krrr... afande... unakatika... krrr!"

Mkuu akaniacha nimalize. Halafu: "Koplo, redio hizi hazikwaruzi. Nakuona kwenye ramani, uko saluni."

KWENYE RAMANI! Na mimi nimekwaruza kwa mdomo, mtu mzima mwenye cheo!

Dereva wa gari la wagonjwa akadakia, "Afande, mwache amalizie kichwa." Zimamoto wakaangua kicheko. Mji mzima ulinisikia, shoga.

Kumbe mkuu aliniita kwa sababu kuna mtoto aliyepotea ameonekana jirani na hiyo saluni, na mimi ndiye niliyekuwa karibu naye kuliko wote. Nikatoka mbio, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima. Nikamkuta kasichana ka miaka minne kanalia mbele ya duka la viatu. Kaliponiona kakanyamaza ghafla, kakanitazama kichwani, kakaniuliza kwa huruma:

"Na wewe umepotea?"

Nikakaa chini pale pale. Nikamwambia, "Ndiyo, mwanangu. Tumsubiri mama yako wote wawili."