Mama wa Muyama na Dagaa wa Mbwa

Heru Juu, Kasulu
Julai 1996

Mke wangu mdogo Yustina,

Hatujambo. Maharage tumevuna, na bibi yako bado anakuonea wivu.

Unauliza utamjuaje mfugaji mwaminifu wa kukuuzia mtoto wa mbwa huko Kibondo. Nilipokuwa kijana nilimwendea mama mmoja wa Muyama aliyefuga mbwa. Akaniuliza, "Utamlisha nini?" Nikajibu bila haya, "Dagaa, kila siku." Akaniuzia jike jeusi.

Mwezi haujaisha, akatokea uani kwangu kwa miguu. Alimsalimia mbwa kwanza, akampapasa mbavu, akachungulia bakuli. Mlikuwa na ugali mtupu.

"Kijana, dagaa wako wapi? Narudi naye."

Mbwa yule nilishampenda, nikakiri: "Mama, hata mimi sijala dagaa tangu siku ile nilipokudanganya!"

Akacheka mpaka akakaa chini. Akaniachia mbwa. Mwezi uliofuata akaja tena, na dagaa kwenye kitambaa. "Wa mbwa hawa," akanionya.

Sijaona tena mfugaji kama yule. Ukimpata anayekuja kumwangalia mbwa aliyekwisha kumuuza, huyo ndiye.

Ni mimi babu yako, niliyeonja dagaa wawili tu.