Nani Aimbe Mfalme

Atupele mjukuu wangu, ugonile. Huku Ikolo tumeamka salama. Mpunga umechanua. Bibi yako anakohoa kidogo, lakini kunigombeza anaweza vizuri tu.

Unasema kwenye igizo lenu la nyimbo huko Dar, malkia miaka yote ni binti wa pwani, na wewe wa bara unapewa nafasi ya mjakazi. Unauliza useme au unyamaze.

Sisi kanisani tulikuwa na igizo la Pasaka kila mwaka. Mfalme Herode aliimbwa na Mnyakyusa, yaani mimi, maana sauti hii ilikuwa inafika ziwani. Yuda aliimbwa na Mkisi. Ndiyo tulivyozoea. Mwaka mmoja Yohana, Mkisi wa ufukweni, akagoma mazoezini.

“Yuda sitaki tena. Wanangu wanazomewa shuleni.”

Nikamcheka. “Ni igizo tu, bwana!”

“Basi tubadilishane, kaka.”

Nikakataa kabla hajafunga mdomo. Mwalimu wa kwaya akawauliza Wanyakyusa wengine, mmoja mmoja, nani atakuwa Yuda. Wote ghafla wakawa na mafua. Hapo niliona aibu. Nikavua taji la majani makavu ya mgomba, nikampa Yohana.

Kwamba alinishinda kuimba, hilo sikubali mpaka leo. Ila watu walisimama kumshangilia, na mimi miaka yote walinisikiliza wamekaa.

Ukisema watakucheka kwanza. Hata mimi nilicheka.

Ni mimi babu yako, Yuda bora kuliko wote waliowahi kuimba Ikolo.